Siri Yako Imo Kwenye Simu ya Jirani

Kwa takribani miaka 20, katika jengo la mikutano ya kimataifa la AICC hapa Arusha, waliingia na kutoka watu ambao majina yao hayakuruhusiwa kutajwa. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ICTR, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, makao yake yakaletwa Arusha mwaka uliofuata, na hadi inafungwa Desemba 31, 2015 ilikuwa imesikiliza mashahidi zaidi ya 3,000. Wengi wao waliitwa kwa herufi tu. JJ. OO. NN. Walipopanda kizimbani, pazia liliwatenga na watu waliokuja kusikiliza, na maswali ambayo majibu yake yangemtambulisha shahidi, kama kijiji chake, mumewe au idadi ya wanawe, yaliulizwa katika kikao cha faragha.

Ushahidi wa JJ ulisaidia kumtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Septemba 2, 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Dunia nzima ilisoma alichokisema mama yule. Jina lake haikulisoma. Miaka mingi baadaye baadhi ya mashahidi wa kesi hiyo walijitokeza kwa sura zao katika filamu ya The Uncondemned, iliyotoka mwaka 2015. Walijitokeza wenyewe, kwa hiari yao, wakati walioutaka wao.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu tukizungumzia usalama wa mitandaoni hapa nchini, nasaha huwa ni zilezile: weka neno la siri gumu, usimpe mtu namba zako za siri, usikubali urafiki na usiyemjua. Ni nasaha nzuri, na baadhi nitazirudia. Lakini zote humwelekea mtu mmoja na kumwambia: jilinde. Pale AICC hakuna aliyemwambia JJ ajilinde. Mkalimani alikuwa na wajibu wa kulitunza jina lake, karani vivyo hivyo, askari wa mlangoni naye, hata wakili wa mshtakiwa. Siri ilikuwa ya JJ, lakini kazi ya kuitunza ilikuwa ya kila aliyeishika. Na mashahidi hao waliendelea kulindwa hata baada ya ICTR kufungwa. Juni 2021 mahakama iliyorithi kazi zake, ambayo majengo yake yapo Lakilaki, nje kidogo ya jiji, iliwatia hatiani watu wanne kwa kudharau mahakama, katika njama ya kuwaingilia mashahidi waliokuwa chini ya ulinzi.

Arusha ninayoiona leo, kuanzia Kwa Mrombo mpaka Usa River, inaishi kinyume cha hayo. Taarifa zetu nyingi haziibwi na wadukuzi walioko ng'ambo. Zinatolewa na watu tunaofahamiana nao, na wengi wanazitoa bila nia mbaya.

Tarakimu kumi tu

Anzia kwa wakala wa pesa. Umefika kibandani, Kilombero au Sanawari, unataka kutoa elfu ishirini. Mbele yako kuna daftari lililofunguliwa, kalamu imefungwa kwa kamba isipotee. Ukurasa mzima ni majina, namba za simu, kiasi na saini. Anayekufuata kwenye foleni anayasoma yote akisubiri zamu yake, na mwenye simu ya kamera hahitaji hata kusoma. Wasichana wengi wa mji huu wanaijua meseji inayoingia jioni yake: "Mambo, nimekuona leo pale kwa wakala." Daftari la namna hiyo lipo getini pia, lipo mapokezi ya ofisi na ya nyumba za wageni, na hakuna anayejua likijaa linapelekwa wapi.

Namba yenyewe si kitu kidogo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo kila namba imefungwa kwenye kitambulisho cha NIDA. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, na wahalifu kweli walikuwa wakijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe. Lakini leo yeyote mwenye namba yako akijifanya anakutumia pesa, jina lako lililosajiliwa linamtokea kwenye kioo kabla hajathibitisha. Analisoma, kisha anaghairi. Analipeleka Facebook, anakupata, anakuta picha ya mwanao siku ya kwanza ya darasa la kwanza, amevaa sare, nembo ya shule inasomeka kifuani. Kutoka tarakimu kumi, mtu asiyekujua ameshajua mtoto wako anasoma wapi. Hajadukua chochote. Kila alichokitumia alipewa.

Kwa upande wa laini, lipo jambo la kufanya leo hii kabla hujaendelea kusoma: piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Na zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", ziripoti kwenda 15040.

Deni la mmoja, aibu ya ukoo mzima

Jambo hili la taarifa zetu kutolewa na watu wengine, kwa macho yangu, limeuma zaidi kwenye mikopo ya simu, na hapo nataka tukae kidogo.

Tuchukue mama anayeuza ndizi katika soko la Tengeru. Soko kubwa huwa Jumatano na Jumamosi. Jumanne jioni mtaji umepungua, kikoba hakikai mpaka wiki ijayo, na kwenye Facebook linapita tangazo: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Anaipakua programu. Kabla haijafunguka sawasawa, visanduku vinajitokeza kimoja baada ya kingine. Iruhusiwe kusoma majina yaliyomo kwenye simu? Iruhusiwe kusoma meseji? Kuona picha? Kujua ulipo? Akikataa kimoja, haiendelei. Anabonyeza "ruhusu" mara nne, kwa dole gumba lenye weusi wa utomvu wa ndizi, na pesa inaingia, ikiwa imekwisha kukatwa ada. Ana siku saba za kurudisha.

Tangazo lilisema bila dhamana. Dhamana ameitoa pale alipobonyeza mara ya kwanza. Ametoa namba za watu mia tatu: mchungaji, mwalimu wa mtoto, shemeji wa Mbuguni, mnunuzi wake wa Namanga, binamu ambaye hawajasemezana muda mrefu. Kati yao hakuna aliyeulizwa. Siku ya nane meseji zinaanza kuwaingia: fulani amekuandikisha kuwa mdhamini wake, mwambie alipe, ni tapeli. Wakati mwingine huundwa kundi la WhatsApp, watu wakaingizwa humo bila kuombwa, na picha aliyojipiga alipoomba mkopo ikawekwa hadharani ikiwa imeandikwa maneno ya kumdhalilisha. Nimepokea meseji za namna hiyo kuhusu watu ambao nilikuwa nimesahau kwamba wana namba yangu.

Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Kampuni ya Google nayo, tangu Mei 31, 2023, inazikataza programu za mikopo zilizomo kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mwenye simu. Ni hatua za maana. Lakini zipo programu zinazosambazwa kwa kiungo tu, nje ya duka hilo, na si kazi ngumu kwa iliyofungiwa kurudi kwa jina jipya na rangi nyingine.

Kinachonisumbua kuliko mkopeshaji ni sisi tunaopokea. Meseji ile ikitua, wangapi tunaifuta? Tunaipeleka kwenye kundi la mtaa: "Jamani mmeona ya mama fulani?" Tunaisoma kwenye ibada ya jumuiya kwa kisingizio cha kumwombea. Mkopeshaji anatujua vizuri. Biashara yake imesimama juu ya uhakika kwamba tutasambaza, kwamba mama yule atauza hata sufuria zake alipe kuliko kukutana na macho yetu sokoni. Siku watu mia tatu watakapoifuta meseji ile, kisha wawili watatu wakampigia mama yule kumjulia hali, mkopeshaji hatakuwa tena na kitu cha kumtishia.

Ni kweli deni hulipwa. Simtetei mtu asiyetaka kulipa. Ila kuna mahakama, kuna ofisi ya mtendaji wa kata, kuna taratibu za kudai. Kumvua mtu nguo mbele ya ukoo wake hakujawahi kuwa mojawapo.

Wenzetu wa Kenya, ambao sheria yao ya kulinda data ni ya mwaka 2019, walionyesha Septemba 2023 kwamba ugonjwa huu unatibika. Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu mbili za mikopo, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kupitia wengine. Wakati huohuo ukumbi wa starehe wa Casa Vera wa Nairobi ukatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Na shule ya Roma iliyoko Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tazama hesabu hizo vizuri. Faini kubwa kuliko zote ilikwenda shuleni.

Watoto wa mji wa watalii

Habari ya faini hiyo ingefaa isomwe kwa sauti katika kila ofisi ya mwalimu mkuu, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni. Shule binafsi za Arusha zinashindania wanafunzi, na uwanja wa mashindano siku hizi ni Facebook na Instagram. Mahafali, ziara ya Ngorongoro, matokeo ya mock: picha ya mtoto, jina lake kamili, darasa lake na alama zake. Nimeona hadi njia ya basi la shule na saa linapopita kila kituo, chini ya picha ya watoto wakishuka. Mwenye shule anamtangazia mzazi. Hajakaa akajiuliza ni nani mwingine anayesoma.

Arusha ina jambo jingine ambalo miji mingi ya nchi hii haina. Ni mji wa watalii na wa watu wa kujitolea. Vijana wa Ulaya na Marekani huja kwa majuma machache. Hupanda Meru au Kilimanjaro, huenda Serengeti, na katikati ya hayo hufundisha Kiingereza au hucheza na watoto kwenye vituo vya yatima, huko Moshono, Tengeru na Usa River. Wengi wana moyo mwema kabisa, na wapo waliofanya kazi kubwa. Lakini kila mmoja ana simu. Picha iliyopigwa asubuhi, mtoto wa miaka minne amepakatwa, kamasi hazijafutwa, iko Instagram kabla ya chakula cha mchana. Chini yake yapo maelezo: anaitwa nani, mama yake alifariki, kwa ugonjwa gani, na kwamba huenda naye anao. Jina la kituo limeandikwa. Mahali pamewekwa alama kwenye ramani.

Mwandishi wa maelezo hayo, akiwa kwao, asingethubutu kuweka picha ya mtoto wa jirani na hali yake ya afya chini yake. Hapa anaweka kwa sababu hakuna aliyemkataza. Na mtoto yule siku moja atakuwa na miaka 18. Atatafuta kazi, atatafuta mchumba, na picha itakuwa bado ipo, wakati aliyeiweka ameshasahau hata jina la kijiji.

Mwaka 2017 shirika la wanafunzi la Norway, SAIH, pamoja na waendeshaji wa Barbie Savior, akaunti ya Instagram inayowakejeli watu wa kujitolea, walitoa mwongozo kwa watu wa kujitolea na wasafiri: omba ridhaa, ijue nia yako kabla ya kuweka picha, jiulize kama wewe ungependa kuonyeshwa hivyo. Nawashukuru. Lakini huo ni mwongozo wao kwa watu wao. Geti la kituo tunalifungua sisi. Sisi ndio tunaomwambia mtoto asimame vizuri apigwe picha na mgeni, kwa sababu mgeni akifurahi atatuma hela ya magodoro. Naelewa shida ya magodoro. Kituo hakiendeshwi kwa maombi matupu. Bado nasema historia ya ugonjwa wa mtoto haiwezi kuwa bei ya godoro lake.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo wachache wanalijua. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981, ambao mahakama yake ina makao yake hapahapa Arusha, hauitaji faragha popote kwa jina. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unaitaja, katika ibara ya 10. Kwa maneno mengine, katika mikataba hiyo miwili ya bara hili, haki hiyo ameandikiwa mtoto, mtu mzima hakuandikiwa. Sisi tunaishi kana kwamba mtoto ndiye asiyekuwa nayo.

Na mji huu una kidonda chake. Mei 6, 2017 basi la wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Kwa Mrombo, wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima, lilitumbukia korongoni Rhotia. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa watu na majeneza. Wakati huo picha za kutoka korongoni zilikuwa zimeshazunguka WhatsApp. Sitaeleza zilikuwaje. Wapo waliokimbilia korongoni kuokoa, Mungu awalipe. Wapo walionyanyua simu. Na wapo wengi zaidi, maelfu, waliokuwa mbali na salama, wakapokea, wakatazama, wakapeleka mbele. Hakuna mzazi anayestahili kumtambua mwanawe kwenye kioo cha simu ya jirani.

Watoto watatu walionusurika walipelekwa Sioux City, Iowa, nchini Marekani, kutibiwa, na taifa zima lilifuatilia hatua zao kwa picha: kitandani, kwenye viti vya magurudumu, siku waliposimama. Tulilia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya haki. Walikuwa pia watoto wadogo ambao mivunjiko ya mifupa yao ilijadiliwa na watu wasiowajua. Yote mawili ni kweli, na sidhani kama tuliwahi kukaa tukayatafakari pamoja.

Swali linaloulizwa kwanza

Inapovuja video ya msichana, vijana huombana "koneksheni", yaani kiungo cha video hiyo, kwenye Telegram, na wazee, ambao hawaombi, huuliza swali moja: kwa nini alikubali kurekodiwa? Swali hilo limezoeleka mpaka linaonekana la busara. Mimi naliona ndilo linalompa aliyevujisha mahali pa kujificha. Msichana alimtumia mtu mmoja. Kumkubalia mmoja si kuwakubalia laki moja, kama vile JJ alivyokubali kuwaeleza majaji bila kuikubalia dunia nzima imwone. Na wengine hawakukubali hata kwa huyo mmoja. Simu ilipelekwa kwa fundi, au iliibwa kwenye daladala, au mchumba aliyeachwa akaamua kukomoa.

Agosti 2024 ilisambaa video ya binti aliyefanyiwa ubakaji wa kundi. Polisi wakawataka watu waache kuisambaza. Kesi iliposikilizwa Dodoma, binti huyo alitajwa kwa herufi, XY, na Septemba 30 washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama yetu ilimsitiri kama inavyopasa. Lakini sura yake ilikuwa imeshapita kwenye simu za nchi nzima, na mikono iliyoipitisha haihesabiki.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na kifungu chake cha 23 kinamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumtesa mtu kiakili: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sheria kali. Udhaifu wake ni kwamba kwenye picha za ngono inatazama uchafu wa picha zaidi ya inavyotazama ridhaa ya aliyemo. Msichana anayefikiria kwenda kituoni kulalamika anajua kwamba kielelezo atakachokipeleka kina mwili wake mwenyewe, na anaogopa kuondoka hapo akiwa mshtakiwa. Wengi hunyamaza na kulipa, maana mara nyingi anayetishia kuvujisha hutaka pesa. Bunge likiirudia sheria hii, hapo ndipo pa kuanzia: anayesambaza bila ridhaa ashtakiwe kwa kukosa ridhaa, na mwenye mwili asiguswe.

Kwa aliyefikwa sasa hivi, usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Hifadhi ushahidi wa vitisho, namba, tarehe na saa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi, na usiende peke yako. Nenda na dada, shangazi, yeyote asiyekuhukumu. Kuna pia huduma ya StopNCII, iliyoanzishwa Desemba 2021, inayotengeneza alama ya kidijitali ya picha hapohapo kwenye simu yako. Picha yenyewe haitoki. Alama ndiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, nayo huizuia picha inayolingana nayo. Haifiki kila mtandao, lakini inafika kwenye mikubwa. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo huduma inayofanana nayo, Take It Down.

Sheria tunayo

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na imo humo tangu mabadiliko ya mwaka 1984. Kilichokosekana kwa karibu miaka 40 ni sheria ya kuitekeleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aeleze anazikusanya kwa kusudi gani, na asizitumie kwa jingine. Wewe una haki ya kujua anacho nini chako, kumtaka arekebishe au afute, kukataa kutumiwa matangazo, na kudai fidia. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Kampuni, hadi shilingi bilioni 5.

Haikuzaliwa ikiwa kamili. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vyake, vya 22 na 23, havieleweki kiasi cha kukinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Nilifurahi. Sheria ya faragha inayopimwa mahakamani na mwananchi ni sheria iliyo hai.

Ila hofu yangu ni kwamba tumeielewa kuwa ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Mwenye shule anakusanya taarifa. Mwenye kituo cha yatima anakusanya. Kampuni ya utalii inayohifadhi pasipoti za wageni na vyeti vya afya vya wapagazi inakusanya. Mhazini wa kikoba anayepiga picha ukurasa wa wasiolipa na kuutupia kwenye kundi naye ameshika siri za watu, awe anaijua sheria au haijui.

Kwenye simu yako, mambo matatu yanatosha kuanza. Fungua WhatsApp, mipangilio, faragha, makundi, uchague waliomo kwenye simu yako tu ndio waweze kukuingiza kundini. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Zima ule utaratibu wa picha kujihifadhi zenyewe, ili uchafu wa kundi usilale kwenye simu anayochezea mtoto. Na unapompa mtu namba ya mwingine, mpigie kwanza mwenye namba. Ni adabu ya zamani tuliyokuwa nayo wakati wa simu za mezani, sijui tuliiachia wapi.

Wakala naye aligeuze daftari lake limtazame yeye, afunike mistari ya juu kwa kipande cha karatasi kabla mteja hajaandika.

Tume ikipanga ukaguzi wa mkoa huu, naiomba isianzie kwenye majengo ya vioo ya Barabara ya Sokoine. Ianzie kwenye kurasa za Instagram za shule na vituo vya watoto, ambazo mkaguzi anaweza kuzisoma akiwa Dodoma bila nauli. Kabla ya Januari, shule zinapochapisha fomu za kujiunga, mstari mmoja unaweza kuongezwa: naridhia au siridhii picha ya mwanangu iwekwe mtandaoni. Mzazi atie alama. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhia asitolewe kwenye mstari wa mahafali siku ya picha. Apigwe kama wenzake, na picha yake akabidhiwe mama yake mkononi.